Shangazi, kahawa huondoa ulevi?

SWALI: Shangazi, nina miaka 20, nasoma chuo hapa Kisumu. Jumamosi usiku rafiki yangu alituendesha kutoka Dunga hadi Kondele akiwa amelewa. Tulimnywesha kahawa kwanza. Mdogo wangu wa miaka 17 alikaa nyuma, chupa mapajani. Nikimkanya rafiki, si ataniona mshamba?

JIBU: Akuone mshamba, mwanangu, bora mfike. Kahawa humfumbua mlevi macho tu. Pombe ingali damuni, na ini huiondoa polepole, saa baada ya saa. Mnyang'anyeni ufunguo, mchangie nauli ya tuktuk. Na huyo mdogo wako! Sheria ya vileo ya 2010 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Chupa ile alinunuliwa na nani? Kama ni wewe, mwambie leo kwamba ulikosea.