Maswali yenu kuhusu Blade Runner 2049: mbona hatuelewani?

Haya wadau, tangu nigusie Blade Runner 2049, ile muvi ya 2017 inayoendeleza Blade Runner ya 1982, maswali yamekuwa mengi na matusi kidogo, nimechambua machache nayajibu hapa. Kama hujaiona muvi yenyewe ishia hapa kwanza, maana naenda kumwaga kila kitu mpaka mwisho wake.

Lazima nianze na ile ya kwanza? Na mbona ina matoleo mengi hivyo?

Anza nayo. Ya pili unaweza kuielewa peke yake ila haitakuuma kama hujui Rachael ni nani. Ya kwanza ni ya Ridley Scott, 1982, stori inatokea Los Angeles ya Novemba 2019 (ndio tushaipita hiyo na magari bado hayapai), kuna polisi anaitwa Deckard kazi yake kuwinda replikanti, yani watu waliotengenezwa na kampuni, nyama na damu kabisa sio vyuma, halafu anaishia kumpenda mmoja wao ndo huyo Rachael. Toleo la 1982 lina sauti ya Deckard inasimulia juu kwa juu na mwisho wa furaha wa kubandika, zile picha za milima kutoka angani ni mabaki ya Stanley Kubrick aliyoyapiga kwa ajili ya The Shining, waliomba wakapewa. 1992 likatoka lingine bila sauti wala huo mwisho, af 2007 Scott akatoa la kwake alilolisimamia mwenyewe mwanzo mwisho. Chukua la 2007 usihangaike.

Kila mtu anasema ni kazi bora, mi nililala katikati. Shida ni mimi?

Hapana, na hauko peke yako. Muvi ina dakika 163, na Ridley Scott mwenyewe, ambaye safari hii alikuwa upande wa maprodyuza, alisema waziwazi kwamba ni ndefu mno na yeye angepunguza nusu saa. Kwahiyo ukikutana na mtu anakwambia hujaelewa sanaa mwambie akabishane na Scott.

Ila mi sikubali kwamba tatizo ni upole wake. Angalia ile sini ya kwanza kabisa, K, yule polisi wa muvi hii ambaye naye ni replikanti na kazi yake kuwinda replikanti wa zamani, anamsubiri mmoja wao (Dave Bautista) ndani ya nyumba yake shambani, sufuria inachemka taratibu jikoni, Bautista anaingia ananawa mikono wala hana haraka, anajua kabisa huyu kijana kaja kufanya nini na sisi tunajua, hakuna anayekimbia na moyo unakwenda mbio. Pale upole unafanya kazi. Mwongozaji Denis Villeneuve anakuacha ukae na kitu mpaka kikuingie, na Roger Deakins kwenye kamera anakupa cha kutazama muda wote huo, yule mzee alikuwa kashateuliwa Oscar mara 13 bila kushinda, hii ikawa ya 14 akaichukua 2018. Sasa linganisha na sini za Wallace, yule tajiri kipofu anayetengeneza replikanti wapya, kila akitokea anatoa hotuba, malaika hivi, nyota vile, na ukimaliza kumsikiliza hakuna ulichoongeza, anataka replikanti wazae ili apate watumwa wengi, ingetosha sentensi moja. Mi nikipewa mkasi ile nusu saa ya Scott naitoa kwake.

Jared Leto kaharibu au hajaharibu?

Wallace aliyemwigiza kaandikiwa vibaya kwanza, Leto akaongeza chumvi. Luv, msaidizi wa Wallace, ndo adui wa kweli wa hii muvi, yule dada anaua huku machozi yanamtoka na kwa dakika chache tu anatisha kuliko bosi wake muvi nzima.

Ya kwanza nayo ilipondwa 1982 leo inaabudiwa, si tusubiri tu miaka 20 na hii itaheshimiwa?

Hii hoja naisikia sana na siipendi. Kweli ya kwanza ilitoka wiki mbili tu baada ya E.T., watu walikuwa na hamu ya kiumbe wa kuwaliza kwa upendo wakaletewa mvua na giza, wahakiki wakagawanyika na hela haikurudi vizuri. Lakini muvi kibao zilipondwa zikasahaulika, kupondwa sio dalili ya ubora. Tena hii ya 2017 wala haikupondwa, wahakiki wengi waliisifu tangu siku ya kwanza, waliogawanyika ni sisi watazamaji, kwahiyo hadithi ya "hawakuielewa wakati wake" haiingii hapa. Ukiipenda itetee kwa yaliyomo ndani, sio kwa kalenda.

Ilibuma au haikubuma?

Ilibuma kihesabu. Inatajwa kutengenezwa kwa dola milioni 150 hadi 185, ikaingiza dunia nzima karibu milioni 260. Inaonekana faida ila kumbi za sinema zinabaki na sehemu kubwa ya tiketi, weka na hela ya matangazo, hapo hamna kitu. Karibu saa tatu za ukimya, na trela zilizoficha nusu ya stori, kijana ambaye hakuwahi kuiona ya 1982 angeingia kufanya nini?

Hatimaye, Deckard ni mtu au replikanti? Nilisubiri miaka yote hiyo hawakujibu!

Mi nashukuru hawakujibu. Kumbuka hata wenyewe walibishana, Scott anasema ni replikanti na Harrison Ford, aliyemwigiza Deckard, kwa miaka mingi alimshikilia kuwa ni binadamu. Toleo la 1992 ndo lilichochea moto, Deckard anaota farasi mwenye pembe moja halafu mwishoni Gaff, polisi mwenzake, anamwachia farasi huyohuyo wa karatasi, sasa Gaff kajuaje ndoto ya mwenzake? Kwenye ya pili Villeneuve kacheza na hilo kwa akili, Wallace anamchokonoa Deckard kwamba labda alitengenezwa ili ampende Rachael, labda, na haendelei. Na kuna pale K anauliza kama mbwa wa Deckard ni wa kweli, mzee anamjibu muulize mwenyewe. Jibu la Deckard ndo hilo na wala hajaongelea mbwa. Ana mtoto aliyezaa na Rachael, amempoteza huyo Rachael, amekaa peke yake Las Vegas na mavumbi miaka thelathini, ukishajua katengenezwa au kazaliwa utamlilia kidogo au zaidi? Wangejibu wangeua ubishi, na muvi ya kwanza ingekuwa fumbo lililokwisha.

Yule Rachael aliyerudi ni Sean Young kweli?

Sura yake ya ujana, imewekwa kwa kompyuta juu ya mwigizaji mwingine, na Sean Young mwenyewe alikuwepo kusaidia. Sini fupi ila ya kikatili. Ndo maana walibeba na Oscar ya ifekti.

Mbona wanawake wote humo ni wa kuuzwa, kuvuliwa au kuuawa? Mnaisifia tu.

Hoja ya haki dada, na watetezi wengi huwa wanairuka. Kwa Joi, yule hologramu mpenzi wa K, nadhani muvi inajua inachofanya, ni bidhaa, na lile tangazo lake kubwa la rangi ya waridi linamwita K "Joe", jina lilelile alilodhani kapewa kwa mapenzi, pale tunaonyeshwa uchungu wa kupenda kitu kilichotengenezwa kukuambia unachotaka kusikia. Lakini Wallace kumchana tumbo mwanamke aliyezaliwa dakika mbili zilizopita, yuko uchi, hana hata jina? Ile sini inataka tujue jamaa ni mbaya, tulikuwa tushajua. Na ukweli kwamba mtoto mwenyewe wa ajabu, yule aliyezaliwa na replikanti, ni mwanamke halafu tunamwona mara mbili tu ndani ya kioo, hilo nalo mi linanikera.

Nimekasirika K sio yule mtoto. Kwanini watudanganye saa mbili nzima?

Hapa ndo ugomvi wote ulipo, naona wengi wanaosema "inaboa" ukiwachimba wanamaanisha hili. Tumezoea stelingi ndo mteule, kuna mifupa ya replikanti aliyejifungua, kuna farasi wa mbao, kuna tarehe imechongwa, K anakumbuka vyote, kwahiyo ni yeye, sisi pia tushamvika taji. Halafu Freysa, kiongozi wa replikanti waasi, anamwambia ilikuwa ni binti, na anamtazama kwa huruma maana ashajua K alikuwa anawaza nini, tena anamwambia kila mmoja wao aliwahi kutamani awe ndo yeye. Mi nilisimamisha muvi pale. Kumbukumbu ni ya Ana Stelline, yule mtengeneza kumbukumbu, K kapandikiziwa tu. Sasa ana uhuru wa kurudi nyumbani na kinyongo chake, ila anakwenda kumwokoa baba wa mtu mwingine, anamfikisha mlangoni kwa binti yake, yeye anabaki nje kwenye ngazi na jeraha lake. Hakuna aliyemtengeneza kwa ajili hiyo wala aliyemtuma, hata waasi walitaka amuue Deckard. Kwa hiyo hapana, sioni kama tulidanganywa, K alijidanganya na sisi tukajidanganya naye.

Naweza kuiangalia kwenye simu?

Unaweza, ila vaa earphone basi. Ule muziki wa Hans Zimmer na Benjamin Wallfisch kwenye spika ya simu unasikika kama chaja mbovu.