Maswali ya Wasomaji: Geti la Ndani kwa Mbwa Asiyekubali Kuzuiwa

SWALI: Tunafuga ndani ya nyumba mbwa mkubwa mwenye umri wa miezi kumi. Tangu mtoto wetu alipoanza kutambaa, tumeona haja ya kumzuia mbwa asiingie jikoni na asipande ngazi ovyo. Tuliweka geti jepesi la kubana kwenye mlango wa jikoni, lakini amelisukuma mara kadhaa hadi likaanguka, na likisimama hubweka na kulikwangua bila kukoma. Mume wangu anashauri tumfungie chumbani. Je, kasoro iko kwenye geti au kwa mbwa?

JIBU: Kwa maelezo yako, geti ndilo la kushughulikiwa kwanza, kwa sababu mbwa hawezi kufundishwa kuheshimu kizuizi ambacho ameshagundua kwamba kinaanguka akikisukuma. Kila lilipoanguka alipata alichokuwa akikitafuta, na ndiyo maana safari inayofuata husukuma kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi.

Mageti ya ndani ni ya aina kuu mbili. Kuna linalojibana kati ya miimo ya mlango kwa ncha zenye mpira, bila kutoboa chochote, na kuna linaloning'inia kwenye bawaba zilizokazwa kwa skrubu ndani ya mbao au ukuta. La kwanza linatosha kwa mbwa mdogo au mtulivu, mahali ambapo hata likisogea hakuna atakayeumia. Kwa mbwa wenu, chagueni la pili. Kuhusu sehemu ya juu ya ngazi nasisitiza bila kulegeza: geti la kubana lisiwekwe hapo kamwe, kwa kuwa mbwa au mtoto akiliegemea linaweza kung'oka na kuporomoka pamoja naye, na tena mengi ya aina hiyo yana upau unaopita chini, ambao mtu mzima aliyebeba mtoto anaweza kujikwaa nao. Geti la hapo lifungukie upande wa sakafu, si upande wa ngazi.

Angalieni pia kimo. Mageti mengi yaliyotengenezwa kwa kufikiria watoto yana kimo cha sentimita 75 hivi, na mbwa mkubwa kijana huruka kimo hicho kwa urahisi, kwa hiyo tafuteni lenye mita 1 au zaidi. Fito ziwe za wima, maana fito za mlalo humpa mbwa, na mtoto pia, mahali pa kukanyaga na kupanda. Mkipewa lile geti la zamani la mbao linalokunjuka na kuacha matundu makubwa yenye umbo la almasi, likataeni, kwa sababu kichwa kinaweza kupenya kwenye tundu kisha shingo ikanasa.

Baada ya hapo ndipo mafunzo yaanze, na hapa nawaomba subira. Kwa siku za mwanzo fungeni geti mkiwa mmekaa karibu nalo, mbwa akiwa upande wake na chakula chake au kitu cha kutafuna kinachomchukua muda, kisha lifungueni kabla hajaanza kuhangaika. Ongezeni muda kidogo kidogo, halafu ongezeni umbali, na mwisho ndipo mtoke chumbani. Akibweka kwa kudai afunguliwe, subirini anyamaze hata kwa sekunde chache ndipo mfungue, ili ajue kwamba ukimya ndio unaofungua. Geti lisitumike kama adhabu. Vilevile mpeni matembezi na mchezo kabla ya kumweka nyuma yake, kwa kuwa mbwa wa umri huo ambaye hajachoka hawezi kutulia popote.

Hata hivyo, kuna kubweka kwa kudai na kuna hofu. Ikiwa akiachwa peke yake hudondosha mate, hutweta, hukataa hata chakula anachokipenda, hujikojolea, au huuma fito hadi kuumiza meno na makucha, hiyo ni dalili ya hofu ya kutengwa, na geti imara zaidi litamzidishia majeraha tu. Hapo muoneni daktari wa mifugo kabla ya kuendelea. Ndiyo sababu siungi mkono haraka wazo la mumeo. Mbwa wengi hutulia vizuri zaidi wanapowaona na kuwasikia watu wao kupitia fito kuliko wanapofungiwa nyuma ya mlango, ingawa wapo wanaosisimka zaidi kwa kuona, na hao husaidiwa na shuka lililofunika sehemu ya geti.

Jikoni mmefanya vyema kupazuia, kwani chokoleti, zabibu, vitunguu na vitu vilivyotiwa utamu wa zailitoli ni sumu kwa mbwa. Lakini kwa upande wa mtoto, geti halichukui nafasi ya mtu mzima. Mtoto anayetambaa hufika kwenye fito na kupenyeza vidole, na mbwa aliyelala au anayekula upande wa pili anaweza kushtuka na kuuma, hata awe mpole namna gani. Mpeni mbwa mahali pa kulala na kula palipo mbali na geti.

SWALI: Mtoto wangu wa mbwa ana miezi mitatu na hupenya kati ya fito za geti. Je, nikifunga wavu nitaweza kumwacha humo nikiwa kazini?

JIBU: Wavu wa plastiki wenye matundu madogo, uliofungwa imara upande wa nje ili asiutafune, utamzuia apenye na kichwa chake kisinase. Kabla ya kumwacha peke yake mvue mkanda wa shingoni, kwa maana unaweza kunasa kwenye fito na kumkaba. Siku nzima ya kazi, hata hivyo, ni ndefu mno kwake: kwa kadirio la kawaida, mbwa wa miezi mitatu huweza kuzuia mkojo kwa saa tatu au nne tu, kwa hiyo panga mtu wa kuja kumtoa nje, kumbadilishia maji na kukaa naye kidogo. Wavu wenyewe ukague kila jioni, na ukiona umeanza kutafunwa, uubadilishe kabla hajameza vipande.