Walichaguliwa au waliteuliwa? Na walipewa nguvu, mamlaka au madaraka?

Msomaji anatafsiri habari za polisi wa London wa karne ya 19, katuletea sentensi yake: "Rowan na Mayne walichaguliwa makamishna mwaka 1829 wakapewa nguvu ya kuongoza polisi." Anauliza iko sawa au atachekwa.

Hutachekwa ndugu yangu, ila kwenye "walichaguliwa" mtu atadhani kulikuwa na kura, kumbe wapi, Robert Peel alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akawatafuta mwenyewe mwanajeshi mmoja na mwanasheria mmoja, wakapewa kazi. Anayepewa cheo na mkubwa KATEULIWA. Mtaani tunasema "rais kamchagua fulani" na tunaelewana, sawa, lakini kwenye maandishi kuchaguliwa tumwachie mbunge.

Nguvu nayo itoe, hiyo ya kubebea magunia. Unachotaka ni mamlaka, yaani kile ambacho sheria inakuruhusu ufanye, na wale wawili sheria iliwapa mamlaka ya kuapisha makonstebo, kuwaamrisha na kuwafukuza kazi. Madaraka ni ule ukubwa wenyewe mtu aliokalia, ndo maana tunasema kushika madaraka, kuvuliwa madaraka, sijawahi kusikia mtu "kavuliwa mamlaka ya kuapisha" labda mahakamani huko. Mfano mzuri ni Charles Warren, aliyekuwa kamishna wa London kuanzia 1886, aliandika makala kwenye jarida bila ruhusa, waziri akamkemea, naye Novemba 1888 akaachia madaraka. Mamlaka hayakuondoka naye, yalibaki pale kwenye kiti akaja kuyakuta James Monro.

Sasa neno ambalo hukuliuliza ndo lina mtego zaidi, "kamishna". Mtanzania akilisoma anawaza ofisa aliye chini ya IGP, wakati London kamishna ndo wa juu kabisa, hana mkubwa ndani ya jeshi lake. Mkenya wa rika langu hatababaika maana kwao Kamishna wa Polisi ndo alikuwa bosi mpaka katiba ya 2010 ilipoleta Inspekta Jenerali. Halafu sheria ya 1829 iliwaita mahakimu, jina la kamishna likaja kuwekwa kisheria 1839, ila usiandike mahakimu tupu maana hawakuwa wakikaa kusikiliza kesi.

Mimi ningeandika: "Rowan na Mayne waliteuliwa mwaka 1829 kuwa wakuu wa polisi wa London, wakapewa mamlaka ya kuapisha na kufukuza makonstebo."