Si kila tapeli wa mapenzi ni mgonjwa

Dada, umeuliza kama kila anayekula hela za wapenzi wake ana ule ugonjwa wa haiba ya kutojali haki za wenzake. Hapana. Mwongozo wa madaktari wa akili Marekani, DSM-5, unataka mtu awe ametimiza miaka 18 ndipo aambiwe ana ugonjwa huo, na vituko vizito viwe vilianza kabla ya 15: kupiga watu, kuiba, kuchoma vitu. Uongo ni dalili 1 kati ya 7, na zinatakiwa angalau 3. Matapeli wengi wa mtandaoni ni genge tu, wana maneno yaliyoandikwa tayari, leo jenerali, kesho injinia wa meli (hawa mainjinia hawaishi!). Kama huyo tapeli ni mgonjwa au la, mwache daktari ampime. Wewe, kama umeshatuma hela, wahi benki wajaribu kuuzuia muamala.