Wadogo zangu mnaoandika kuhusu Ulaya na mitandao, angalieni kwanza nani kajibu

Jamani juzi nimekaa viti vya nyuma nasikiliza mwaka wa kwanza mnavyowasilisha maandiko yenu ya utafiti, roho ikawa inaniuma, maana kila baada ya slaidi mbili tatu "wananchi wa Ulaya wanasema", ukishuka chini kuangalia chanzo ni komenti za Facebook au fomu ya maoni ya Kamisheni ya Ulaya, yaani chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya. Nawapenda, mnajituma kuliko sisi tulivyokuwa, ila hili kosa nalijua ladha yake.

1. Fomu ya mtandaoni sio kura. Mimi yangu ilikuwa ile ya kusogeza saa, ule utaratibu wa Ulaya wa kupeleka saa mbele kila machipuko na kuirudisha nyuma kila vuli. Kamisheni waliuliza watu kiangazi cha 2018, Julai mpaka katikati ya Agosti, yakaingia majibu milioni 4.6, haijawahi kutokea, na asilimia 84 wakasema iachwe. Mimi nimekulia Tanga, jua letu linatoka kwenye saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo hii habari ilinikaa vizuri mno, nikaandika "asilimia 84 ya watu wa Ulaya wanataka" nikaijengea sura nzima kwamba intaneti imeziba lile pengo la demokrasia tunalolisoma kila siku, yaani raia kuwa mbali na maamuzi ya Umoja wa Ulaya. Siku ya kuwasilisha kuna mama mmoja kwenye jopo, mpole kabisa, akaniuliza swali moja tu, hao milioni 4.6 wanaishi wapi? Sikujua. Mgawanyo wa nchi ulikuwemo kwenye ripoti ile ile niliyoinukuu, ila mimi nilisoma muhtasari basi. Akaifungua pale pale akaweka kidole: karibu asilimia 70 ya majibu yametoka Ujerumani peke yake, na hata huko waliojibu hawafiki asilimia 4 ya watu, Uingereza ambao walikuwa bado ndani ya Umoja ni asilimia 0.02. Rimoti ya slaidi inateleza mkononi kwa jasho, nikajitetea eti "lakini sampuli ni kubwa", akaniambia taratibu, mwanangu hiyo sio sampuli, hakuna aliyewachagua, wamekuja wenyewe. Sura ikafutwa, miezi minne imeenda. Maksi zilirudi baadaye, kilichobaki kuniuma ni kwamba niliwasemea Waromania na Wareno wengi ambao hawakufungua mdomo.

Na tasnifu yenyewe ilikuwa imelala pembeni siioni! Bunge la Ulaya lilipiga kura Machi 2019 kwamba kusogeza saa kuishe 2021, nchi wanachama kwenye Baraza, pale serikali zao zinapokaa kuamua sheria, hazikuelewana, na mpaka leo saa zinasogezwa. Kwa nini maoni ya mamilioni yanaingia kwa kubofya mara moja halafu yanakwama mlango wa serikali? Hilo ndilo la kuuliza, na mpaka sasa natamani mmoja wenu alichukue.

2. Zile sahihi milioni moja ambazo raia wa Ulaya wanakusanya kuiomba Kamisheni ipendekeze sheria: Kamisheni inalazimika kujibu, hailazimiki kutunga sheria, msichanganye. Na lile sharti la kufikisha kiwango cha chini cha sahihi kwenye angalau robo ya nchi wanachama lipo ili nchi moja isipige kelele peke yake, ningelitafakari mapema nisingeaibika.

3. Posti zinafutwa, hifadhi nakala na tarehe siku hiyo hiyo.

4. Mkutano wa Mustakabali wa Ulaya, 2021 hadi 2022, ambapo Umoja wa Ulaya uliwauliza raia wanataka uelekee wapi. Wote mnakimbilia jukwaa la mtandaoni lile la Decidim kwa sababu data zake unashusha kirahisi, lugha 24, raha tupu. Mdogo wangu mmoja wiki iliyopita kaja na laptop jikoni hosteli, nasonga ugali, ananionyesha grafu kwamba "vijana wa Ulaya wamesusa". Nikamuuliza na wale raia 800 wa mabaraza ya raia, waliopatikana kwa bahati nasibu wakae wajadiliane, umewaweka wapi, maana theluthi yao walikuwa na miaka 16 mpaka 25, walichaguliwa hivyo makusudi. Kimya. Hakuwa amewagusa kabisa. Tukala, tukasogeza sahani, tukakaa mpaka saa sita usiku tunaweka jukwaa safu hii na mabaraza ya raia safu ile, pembeni akaongeza safu ya tatu, "ambao hawapo", na hiyo ndiyo ilichukua muda mrefu kuliko zote.

Jumanne na Alhamisi nipo maktaba mpaka jioni, njooni na majedwali yenu kabla ya kumpelekea msimamizi.