Hewa ya ukaa ya mvinyo: ipeni njia, kisha itumieni

Wadogo zangu mnaoanza mvinyo wa nanasi na rozela, kila msimu ni yale yale: dumu limejazwa hadi shingoni, kifuniko kimekazwa, juu umechomekwa mpira wa dripu. Nyuzi za nanasi zinapanda na povu, zinaziba kile kitundu, na kesho rozela iko darini.

1. Jueni kiasi. Kilo 1 ya sukari ikichacha yote hutoa karibu nusu kilo ya hewa ya ukaa, kama lita 260. Dumu lenye kilo 4, ya tunda na ya kuongeza, linapita lita 1,000. Kwenye chumba cha mita 3 kwa 3 kilichofungwa, dari mita 2.5, hiyo ni zaidi ya asilimia 4 ya hewa yote, kiwango cha kuhatarisha maisha. Mshumaa si kipimo, huendelea kuwaka hewa ikiwa imeshakuwa mbaya. Dirisha wazi, na asilale mtu chini humo.

2. Acheni robo ya dumu tupu. Mpira uwe na tundu la milimita 10 au zaidi.

3. Sasa matumizi. Mvinyo uliokwisha kuchacha adui yake ni oksijeni, maana bakteria wa siki hawafanyi kazi bila hiyo. Kwa hiyo gesi ya dumu la kwanza ifukuze hewa kwenye dumu la pili, mtakamohamishia mvinyo. Mpangilio: dumu linalochacha, chupa tupu ya kudakia povu, dumu la pili lililosafishwa (mpira wa kuingiza ufike chini kabisa, wa kutoa uishie juu), mwisho chupa ya maji, mpira ukizama sentimita 2 tu. Gesi ya kutosha ni mara tano au sita ya ujazo wa dumu, yaani lita 100 na ushee kwa dumu la lita 20. Kilo 1 ya sukari inatosha na kubaki.

Kosa linaloumiza liko hapa, na mnalirudia. Mnaacha mitambo imeungana hadi mapovu yanakoma. Mchana gesi imetanuka. Usiku, hasa Iringa au Mbeya mwezi wa Juni, joto linashuka nyuzi 10 na gesi inasinyaa. Juu ya mvinyo kuna lita 5, dumu la pili lita 20: jumla 25, na kila nyuzi 10 zinapunguza karibu lita 0.8. Wakati wa kuchacha kwa nguvu hamira inafidia. Ikishatulia hakuna wa kufidia, basi maji ya chupa yananyonywa ndani, yakishuka chini ya mdomo wa mpira inafuata hewa ya chumbani. Asubuhi kila kitu kinaonekana kiko sawa, mnahamisha mvinyo, na baada ya wiki chache unanuka siki. Mnalaumu hamira! Tenganisheni mapovu yakiwa bado yanatoka: banini mipira yote miwili ya dumu la pili, la kwanza lipeni chupa yake ndogo ya maji.

Gesi ikinuka yai bovu, msiipitishe kabisa.

4. Kuhamisha: dumu la kwanza liwe mezani, koki juu ya mashapo. Mpira wa koki ushuke hadi chini ya dumu la pili, na mpira wa juu wa dumu la pili urudi kwenye kifuniko cha la kwanza. Mvinyo unashuka, gesi inapanda kujaza nafasi yake, na hakuna kifuniko kinachofunguliwa.