Kiti Kikibaki Wazi, Umeshachelewa

Wiki jana kijana mmoja aliniandikia usiku. "Mama, nimekufuatilia tangu ulipowania. Mimi pia nataka ubunge. Kukitokea uchaguzi mdogo kwetu, nianzie wapi?" Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nilale. Nikajikuta nimeketi na simu mkononi hadi saa saba, maana swali hilo ningepaswa kuliuliza mimi zamani, na sikuliuliza.

Najua wengi mnaosoma hapa mna ndoto hiyo hiyo, kwa hivyo nawajibu nyote.

Mbunge wetu alifariki katikati ya muhula. Nilikuwa mwanachama wa chama chake kwa zaidi ya miaka 10, tena kiongozi wa tawi. Kwenye matanga nilikuwa jikoni na kina mama wenzangu tukimenya viazi, na kila saa kuna mtu ananivuta kando: "Mama, jipange." Nikawa nawaambia tumzike mzee kwanza. Hata baada ya mazishi nilinyamaza wiki tatu. Sijutii heshima ile. Ila nilidhani nina muda, na hapo ndipo nilipopotea.

Katiba yetu ya Kenya, kifungu cha 101, inampa spika wa bunge siku 21 kuiarifu IEBC, tume ya uchaguzi, kwamba kiti kiko wazi, na uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 90 tangu kiti kibaki wazi. Ukizisikia siku 90 unaona ni nyingi. Toa za msiba, toa za spika, toa za chama kuvutana na wagombea wake, uone unabaki na ngapi.

Mimi niliahidiwa mchujo, yaani kura ya wanachama ya kuchagua mgombea wa chama. Kisha jioni moja, mwezi na zaidi ukiwa umepita, simu ikalia saa tatu usiku kutoka makao makuu ya chama. Tiketi imepewa jamaa wa marehemu moja kwa moja, niwe mvumilivu, chama hakitanisahau. Sauti yenyewe ilikuwa ya kijana ambaye sikuwahi kumwona. Miaka yote ile nimekiandikishia chama wanachama mlango kwa mlango, jua langu mvua yangu, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyeona haja ya kuniita anieleze ana kwa ana. Bado linaniuma, sitadanganya.

Asubuhi yake nilikwenda kwa wakili nikiwa nimeshaamua: nitakuwa mgombea huru. Kifungu cha 99 kinataka wapiga kura 1,000 waliosajiliwa katika eneo bunge wakuunge mkono, na hao nilikuwa na hakika nawapata kwa siku mbili. Wakili alinisikiliza hadi mwisho. Akatoa kalenda kwenye msumari ukutani, akailaza mezani, akaweka kidole kwenye tarehe ya kura, akaanza kurudi nyuma wiki kwa wiki. Kidole kilipofika siku ile ya simu kikaendelea kurudi. Kikapita mazishi. Kikasimama karibu kabisa na siku mheshimiwa alipofariki.

"Ulijiuzulu chamani lini?" akauliza.

Sikuwa nimejiuzulu. Kifungu cha 85 kinasema mgombea huru asiwe amekuwa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Sasa pima: miezi mitatu ya kutokuwa na chama, na siku 90 za kujaza kiti. Kama tarehe zinafuatwa, anayengoja kiti kibaki wazi ndipo ahame chama hana nafasi ya kuwa huru. Mlango huo hufungwa pengine siku ile ile habari za msiba zinapotangazwa redioni. Watu wazima tuliokuwa kwenye siasa miaka mingi, na hatukuwahi kuvisoma vifungu hivyo viwili kwa pamoja.

Nikachukua tiketi ya chama kidogo, siku chache kabla dirisha la kuwasilisha wagombea halijafungwa. Ada ya IEBC kwa mgombea ubunge ilikuwa shilingi 20,000, na wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hulipa nusu. Nikalipa 10,000 zangu. Kampeni zilikuwa vumbi, spika za kukodi na kulala saa nane; hayo mnayajua.

Ila mkutano mmoja lazima niusimulie. Ulikuwa sokoni, jioni, vijana wa bodaboda wamejaa hadi barabara haipitiki, honi kila upande, jina langu linaimbwa. Nikaomba wenye kadi za kura wainue mikono. Kwanza wakacheka. Kisha mikono ikaanza kuinuka mmoja mmoja, nami juu ya gari nikaihesabu kwa macho. Haikufika hata robo ya umati. Kesho yake kundi la wasio na kadi lilikwenda ofisi ya IEBC ya eneo bunge likiwa na vitambulisho mkononi, likarudishwa. Sheria ya Uchaguzi husimamisha usajili wa wapiga kura katika eneo husika tangu kiti kitangazwe kuwa wazi hadi uchaguzi mdogo upite. Vijana wale walinipenda kweli, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kunisaidia.

Nilishika nafasi ya tatu. Sikununua kura hata moja, na hilo nalisema kifua mbele. Vituo kadhaa sikuwa na wakala, mtu wangu wa kunilindia kura, kwingine wakala wangu aliondoka kabla ya kuhesabu, kwa hivyo Fomu 35A za huko sikuzipata. Fomu hiyo ndiyo matokeo ya kituo. Wakala hutia saini na kupewa nakala, nyingine hubandikwa mlangoni. Kwenda mahakamani kupinga matokeo bila fomu, na juu yake dhamana ya kesi ya shilingi 500,000, nilionelea ni kuwachosha watu wangu.

Mtaniambia ni mambo ya zamani. Tazameni chaguzi ndogo za Novemba 27, 2025. Katika eneo bunge la Mbeere Kaskazini, mshindi Leonard Wamuthende alipata kura 15,802 na Newton Karish 15,308. Hiyo ni tofauti ya kura 494. Watu hao wanatosha mkutano mmoja wa sokoni. Ukienda kutafuta 494 kampeni zikiwa zimeanza, unawatoa wapi na sajili imefungwa?

Na msiniambie kujipanga mapema ni kumtakia mwenye kiti kifo. Kiti cha Mbeere Kaskazini kilibaki wazi mbunge alipoteuliwa waziri, na Ugunja vilevile, kwa kuwa katiba ya 2010 hairuhusu mtu kuwa mbunge na waziri kwa wakati mmoja. Magarini ni mahakama iliyofuta uchaguzi. Mbunge anaweza hata kupoteza kiti kwa kukosa vikao vinane bila ruhusa. Wananchi wa Banissa nao walikaa zaidi ya miaka miwili bila mbunge kwa sababu tume haikuwa na makamishna, jambo ambalo halipaswi kutokea tena kamwe katika nchi yenye katiba iliyoandika siku 90. Kiti ni cha wananchi, na kujiweka tayari kuwatumikia si dhambi.

Kwa hivyo kijana wangu, na wewe binti unayesoma: amua mapema uko chamani au uko huru. Si baada ya mchujo, si baada ya mazishi. Sajili watu wako sasa, wakati hakuna anayegombea chochote, wakati hakuna anayekupigia makofi. Usiseme utawasajili baadaye. Mawakala wachague sasa pia, watu ambao wakitishwa hawatoki kituoni.

Hayo ndiyo niliyomwandikia usiku ule. Nikamwomba kabla ya yote aingie eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, aangalie kama jina lake limo katika orodha ya chama chochote, maana mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta wameandikishwa vyamani bila idhini yao. Akanijibu hana haja, hajawahi kujiunga na chama maishani mwake. Nikasisitiza.

Jana asubuhi amenitumia picha ya skrini. Jina lake limo, nambari yake ya kitambulisho imo, katika chama ambacho hata ofisi zake hazijui. Alasiri akawa anauliza barua ya kujiuzulu huandikwaje.